Kasie ya mfanyakazi wa kreshi inakulinda mpaka wapi?

Swali: “Jambo sana, Metre wakili. Niko na kreshi kule Bel-Air, komini ya Kampemba, Lubumbashi, watoto wa miaka miwili mpaka mitano. Mwezi wa tano nilimwajiri dereva wa basi yetu ndogo. Alikuja na barua ya komini ya tabia njema, basi, sikuuliza kingine. Juzi mama wa mtoto mmoja ameniambia mlangoni kwamba huyo kijana alifungwa katika gereza la Kasapa. Wazazi wameanza kuulizana kwenye WhatsApp. Nikimfukuza, atanishtaki? Nikimwacha na kitu kikatokea, ni mimi nitafungwa? Dada yangu anafanya kazi ya kulinda watoto Marekani, anasema kule sheria inamlinda mwajiri aliyefanya uchunguzi. Huku kwetu iko namna gani?”

Mama, jambo sana, na pole kwa mahangaiko. Kumwomba mfanyakazi kasie judisieri, yaani karatasi inayoonyesha kama mtu amewahi kuhukumiwa kwa jinai, ni haki yako, na kukataa kumpa mtu kazi ya kukaa na watoto kwa sababu ya hukumu iliyoandikwa humo hakuvunji sheria yetu. Lakini kinga moja ya jumla, ya kusema “nilichunguza, kwa hiyo nisiguswe”, Kongo haipo. Vipo vipande vya kinga, kila kimoja katika sheria yake na masharti yake, na waajiri wengi wanavipoteza kwa haraka: mtu anafukuzwa ijumaa jioni, mbele ya wenzake, kwa mdomo. Kwa hiyo nitakaa sana kwenye habari ya dereva wako.

Usimfukuze wiki hii. Kitu ulicho nacho mkononi ni neno la mama mmoja, tena neno lenyewe halina hukumu ndani yake. Kufungwa Kasapa ni jambo moja, kuhukumiwa ni jingine. Katika magereza yetu wengi wanangoja kesi. Mtu anaweza kulala ndani miezi kwa deni, kwa ugomvi wa kiwanja, hata kwa kosa la kaka yake aliyekimbia, halafu akatoka bila hukumu yoyote. Katiba ya 2006, kifungu cha 17, inasema anayeshtakiwa anahesabiwa hana hatia mpaka hukumu ya mwisho imthibitishe. Kasie nayo inaandika hukumu, haiandiki tuhuma. Huenda huyo kijana akaleta karatasi safi kabisa, na mama wa mlangoni akawa bado amesema kweli kwamba alimwona Kasapa.

Mwite ofisini, mlango umefungwa, pamoja na shahidi mmoja anayejua kunyamaza. Mwambie umesikia neno juu ya maisha yake ya nyuma, bila kumtaja aliyelisema, na kwamba tangu sasa kreshi inaomba kasie kwa kila mtu anayegusa watoto. Mpe barua fupi yenye tarehe, aweke sahihi kwamba ameipokea. Kasie anaiomba yeye mwenyewe kwenye parke, ofisi ya mwendesha mashtaka. Wewe huna ruhusa ya kwenda kuchungulia jina lake kwa rafiki yako karani. Gharama lipa wewe. Ni pesa ndogo kuliko usafiri wa avoka (wakili), na inaonyesha kwamba hukumtega.

Akiwa anangoja karatasi, asibaki peke yake na watoto. Mweke mama mmoja ndani ya basi asubuhi na jioni, au mpe kazi nyingine kwa siku hizo kwa mshahara uleule. Hatua ya namna hiyo si adhabu, na hakimu wa kazi hawezi kukulaumu nayo kirahisi. Kumwambia “nenda nyumbani, tutakuita” bila karatasi wala mshahara ndiyo njia ya kumtengenezea kesi yake.

Sasa karatasi imekuja na ina hukumu. Hukumu ya nini? Hapa Lubumbashi kuna vijana waliohukumiwa kwa kuiba kebo ya shaba miaka kumi iliyopita, leo ni baba wa watu, wanaendesha gari vizuri na hawajarudia. Sitakushauri kumwondoa dereva kwa hilo peke yake, ila usimkabidhi hesabu ya mafuta kabla hamjazoeana. Hukumu ya kumpiga mtoto, ya ubakaji, ya kumteka mtu, au ya kuua kwa gari akiwa amelewa ni habari nyingine kabisa kwa dereva wa kreshi. Pima mambo matatu: kosa lenyewe, muda uliopita, na jinsi kazi aliyonayo inavyomkaribisha kwa watoto. Yaandike kwa mkono wako katika ukurasa mmoja wa faili. Mwajiri aliyeandika sababu zake kabla ya kuamua ana nguvu kuliko yule anayezitafuta mbele ya hakimu.

Ukiamua aondoke, chagua njia sahihi. Sheria ya Kazi, ile nambari 015/2002 ya 16 Oktoba 2002 iliyorekebishwa 2016, ina milango miwili, na watu wanaichanganya.

Wa kwanza ni kifungu cha 62: mkataba usio na mwisho unavunjwa kwa sababu halali inayohusu uwezo au mwenendo wa mfanyakazi, au mahitaji ya kazi yenyewe, na preavi, yaani notisi ya kabla, inatolewa. Kifungu hicho kinataja pia sababu ambazo haziwezi kuwa halali: kabila, dini, maoni ya siasa, mimba, sindika (chama cha wafanyakazi), na nyingine. Hukumu ya jinai haimo katika orodha hiyo. Kwa hiyo unaweza kusema kwa maandishi kwamba mtu mwenye hukumu ya kudhuru mtoto hafai kwa kazi ya kubeba watoto, na sababu hiyo ikasimama.

Wa pili ni kosa zito, foti lurde, kifungu cha 72, ambalo halina preavi. Waajiri wanalipenda kwa sababu ni bei nafuu, na humo ndimo wanamoanguka. Uamuzi wa kuvunja mkataba kwa kosa zito lazima umfikie mfanyakazi kwa maandishi ndani ya siku 15 za kazi tangu ulipojua jambo. Ukitaka kumsimamisha ili uchunguze, barua ya kumsimamisha itoke ndani ya siku 2 za kazi. Ndiyo maana nakuomba uandike leo tarehe mama yule alipokuambia, na baadaye tarehe kasie ilipofika mezani. Uvumi wa mlangoni si kujua, lakini avoka wa upande wa pili atajaribu kuuhesabu hivyo, na tarehe zako ndizo zitamjibu.

Hata hivyo, katika habari yako sioni kosa zito bado. Hukumuuliza, kwa hiyo hakukudanganya. Hukumu ya zamani, kabla hajakujua, haikufanyika katika kazi yako. Ingekuwa tofauti kama angejaza fomu akasema “sijawahi kuhukumiwa” wakati amehukumiwa: kifungu cha 74 kinataja tendo la kukosa uaminifu kati ya makosa mazito ya mfanyakazi. Na kama atakuletea kasie ya kuchonga kwa mtu wa fotokopi, hiyo ni jinai yenyewe. Sheria ya adhabu, kifungu cha 124, inaweka miezi 6 mpaka miaka 5 kwa kughushi maandishi. Usipokee picha ya simu. Taka karatasi yenyewe yenye muhuri, na kama una shaka, mwende wawili parke ambako imetolewa.

Angalia pia mkataba mliosaini mwezi wa tano. Kama uliandika kipindi cha majaribio, kwa mtu mwenye ujuzi kama dereva kinaweza kufika miezi 6 (kwa kibarua asiye na ujuzi ni mwezi 1 tu), na kuachana ndani yake ni rahisi zaidi. Kama hakikuandikwa, hakipo, hata kama mlikubaliana mbele ya mchungaji. Na kama hakuna mkataba wowote wa maandishi, usifikiri uko huru. Mtu huyo anahesabiwa ana mkataba usio na mwisho.

Je, atakushtaki? Anaweza. Ataanza kwa mkaguzi wa kazi, kwa sababu mahakama ya kazi haipokei shauri ambalo halijapitia usuluhishi kwake. Nenda siku hiyo na faili lako, usitume mpwa. Kesi nyingi za kreshi na shule ndogo zinaishia pale mezani, na inafaa ziishie pale, maana ikithibitika kwamba ulimfukuza bila sababu halali na hatarudishwa kazini, fidia inaweza kupanda mpaka mshahara wa miezi 36.

Swali lako la pili, nadhani ndilo linalokunyima usingizi: kitu kikitokea, nani anajibu? Kufungwa, hapana, kwa kosa la mwingine. Kifungu kilekile cha 17 cha katiba kinasema jukumu la jinai ni la mtu binafsi. Hakuna anayekamatwa kwa tendo la mwenzake. Utaguswa na jinai kwa tendo lako mwenyewe: ulijua mtoto yuko hatarini ukaacha, ulificha ushahidi, ulimtorosha mtu.

Kulipa ni kitu kingine, na hapa sitakutuliza. Kitabu cha Tatu cha sheria ya kiraia, cha tangu 1888, kifungu cha 260, kinasema mwajiri anajibu kwa madhara ambayo wafanyakazi wake wameyatenda katika kazi aliyowapa. Kifungu hicho kinawapa wazazi, walimu na mafundi wenye wanagenzi njia ya kujitoa: wakithibitisha kwamba hawakuweza kuzuia jambo, wanaachiliwa. Mwajiri hakutajwa hapo. Wakurugenzi wengi wa shule wanasoma neno “walimu” wakafikiri limewahifadhi, kumbe linahusu madhara yanayofanywa na wanafunzi, kama mtoto akimtoboa mwenzake jicho kwa penseli. Dereva wako akimdhuru mtoto akiwa kazini, kasie safi uliyoiweka kabatini haikuondolei fidia ya mzazi.

Basi kasie inafaa nini? Inafunga mlango wa kifungu cha 259, cha uzembe wako binafsi. Mzazi hataweza kusema kwamba ulimchukua mtu barabarani bila kuuliza. Inaonyesha nia njema kwa mwendesha mashtaka anayejiuliza kama nawe ulikuwa na siri. Na zaidi ya yote inakusaidia kutomwajiri mtu mbaya, jambo ambalo waajiri wanalisahau wanapoanza kuzungumza na maavoka. Kwa lile la fidia, dawa ni bima ya dhima ya kreshi na kanuni za ndani zilizoandikwa: mtoto habaki na mtu mzima mmoja penye mlango uliofungwa, basi haiondoki bila mama wa pili, dereva hatoki nje ya njia iliyopangwa, hakuna mfanyakazi anayemchukua mtoto kwao jumapili. Kanuni hizo zina faida ya pili: zinaonyesha kazi uliyompa inaishia wapi, na kifungu cha 260 kinafuata mpaka huo.

Sasa WhatsApp. Naomba uisome sehemu hii mara mbili. Sheria ya adhabu, kifungu cha 74 (usikichanganye na kile cha Sheria ya Kazi), inamwadhibu anayemsingizia mtu hadharani, kwa nia mbaya, jambo mahususi linaloharibu heshima yake: siku 8 mpaka mwaka 1. Maneno mawili ndiyo yanayokuokoa au kukuzamisha: “hadharani” na “nia mbaya”. Barua yako kwa dereva, mkononi mwake, haiko hadharani. Malalamiko ya kweli unayopeleka parke bila uongo hayana nia mbaya. Lakini ujumbe kwa wazazi arobaini, “tumegundua dereva alikuwa mfungwa, tumemwondoa”, unaweza kukufikisha mahali ambapo yeye anakaa upande wa mlalamikaji, hata kama ulikuwa na haki ya kumwondoa. Waandikie hivi tu: “Wazazi wapenzi, kreshi inakagua upya karatasi za wafanyakazi wote. Tangu kesho mama mlezi anasafiri na watoto ndani ya basi. Mwenye neno la kunisaidia aje ofisini.” Ukimwona mzazi anataja jina la kijana kwenye kundi, mpigie pembeni, umwambie afute.

Kasie yenyewe usiipige picha. Isome, andika nambari, tarehe na parke iliyoitoa, kisha ifunge kwenye kabati ambalo ufunguo unao wewe. Katiba inalinda maisha ya faragha, na tangu 13 Machi 2023 tuna sheria ya mambo ya dijitali, nambari 23/010, inayolinda habari binafsi za watu. Mpishi hana haja ya kujua hukumu ya dereva.

Kuhusu karatasi nyingine, nitasema bila kuficha maoni yangu. Barua ya tabia njema ya komini ni dhaifu. Shefu wa mtaa anaiandika kwa mtu anayemfahamu tangu majuzi, na wakati mwingine hamfahamu kabisa. Iweke kwenye faili kama nyongeza. Cheti cha kazi cha mwajiri wa zamani kina nguvu ya kuonyesha alikuwa wapi na tangu lini, ila usitafute tabia humo: kifungu cha 79 cha Sheria ya Kazi kinaamuru kiandikwe aina ya kazi, muda, tarehe na nambari ya usalama wa jamii, na kinakataza kuongeza neno lingine lolote. Mwajiri aliyemfukuza mtu kwa kuwagusa watoto atampa cheti kilekile anachompa mfanyakazi bora. Kwa hiyo piga simu. Muulize swali moja: “Ungemrudisha kwako, akae na watoto?” Halafu nyamaza umwache ajibu. Andika jina la aliyejibu, saa, na maneno yake. Naye asiogope kukuambia: akisema kweli, kwako peke yako, kwa sababu umeuliza, hana nia mbaya wala hadhara.

Simu hiyo inafunika mapengo ya kasie, na mapengo yapo. Daftari nyingi bado ni za karatasi, na hukumu ya mji mwingine inaweza isionekane huku. Walio na njia ngumu zaidi ni ndugu zetu waliokuja kutoka Goma na Bukavu tangu miji hiyo ilipochukuliwa na waasi mwanzoni mwa 2025. Mtu hawezi kurudi kule kuomba karatasi. Usimkatae kwa hilo. Chukua kasie ya hapa, tamko lake la maandishi, na simu mbili badala ya moja. Pengo baya zaidi linatokana na sisi wenyewe: kesi za watoto zinazomalizwa kati ya familia kwa mbuzi na pesa. Hazifiki kwenye daftari lolote, na mtu anahamia komini nyingine akiwa safi kwa karatasi.

Na siku mtoto akisema ameguswa, usifanye kikao. Sheria mbili za 20 Julai 2006, 06/018 na 06/019, zimelibana jambo hili. Faini ya maelewano kwenye parke haikubaliwi kwa ukatili wa kingono. Mwite mzazi, mtoto apelekwe hospitali kabla ya saa 72 kupita, bila kumwogesha wala kufua nguo, kisha parke. Usimhoji mtoto mara tano mbele ya walimu.

Dada yako wa Marekani amesema kweli, kwa sehemu. Kule sheria ya shirikisho ya 2014 inazilazimisha kreshi zinazopokea pesa za serikali kuwakagua wafanyakazi: alama za vidole zinapelekwa FBI, orodha za wakosaji wa kingono zinaangaliwa, pia daftari za unyanyasaji wa watoto katika kila jimbo ambako mtu ameishi miaka 5 iliyopita, na ukaguzi unarudiwa angalau kila miaka 5. Jibu linatakiwa litoke ndani ya siku 45. Ninachopenda humo ni kwamba serikali inamwambia mwajiri “anafaa” au “hafai”, bila kumtajia kosa lenyewe. Mwajiri hashiki siri ya mtu, na hana cha kuvujisha. Sisi tumeachiwa kazi hiyo mikononi mwetu: Sheria ya Kazi inalazimisha cheti cha daktari, lakini kuhusu kasie iko kimya. Unasoma, unapima, unaamua, na unajibu wewe.

Kwa hiyo tengeneza fomu ya ukurasa mmoja. Jina kama lilivyo kwenye kadi ya uchaguzi na majina mengine anayoitwa, miji aliyoishi, waajiri watatu wa mwisho na namba zao za simu. Halafu swali: “Umewahi kuhukumiwa na mahakama kwa kosa la jinai? Lipi, wapi, mwaka gani?” Chini yake: “Najua kwamba kusema uongo hapa kunaweza kuvunja mkataba wangu.” Sahihi na tarehe. Wajaze wote, asionekane dereva peke yake: walezi, mpishi, sentineli (mlinzi) wa usiku, na yule mdogo wako anayekuja kusaidia wakati wa likizo.